Ajali Haina Kinga? Neno kwa Waendeshao Pikipiki, Wazimilikio na Wapandao Nyuma Yao

Sifa njema zote zamstahiki Mwenyezi Mungu, aliyewatiishia waja wake vipando vya bara na bahari. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake.

Ama baada ya hayo: Ndugu zetu Waislamu, katika Sura ya An-Nahl, aya ya 8, Mwenyezi Mungu amewataja farasi na nyumbu na punda, kwamba amewaumba ili tuwapande na wawe pambo, kisha akaongeza kuwa huumba na tusivyovijua. Wafasiri wa zama hizi wametia katika maneno hayo ya mwisho vipando vyote vilivyokuja baadaye: gari la moshi, motokaa, ndege, na hiki tutakacho kukisema leo, pikipiki. Na msomaji aitazame aya hiyo vizuri. Haikutaja kupanda peke yake, bali imetaja na pambo. Basi yule kijana anayeisugua pikipiki yake kila alfajiri mpaka ing'are, akaitia vioo viwili vitatu vya ziada, na akaona raha upepo ukimpiga kifuani, sisi hatumlaumu kwa hayo. Raha hiyo ni katika neema, wala hatukuja kuharamisha alilolihalalisha Mola.

Tulilokuja nalo ni neno moja litokalo vinywani mwetu kila mtu anapouawa njiani, nalo ni kuwa ajali haina kinga. Twataka kulitazama neno hili, lina haki gani na lina batili gani.

Fikira hii ilitujia zaidi tulipokuwa Mumias, tulipokwenda kuwazuru ndugu zetu wa huko na kusoma nao darasa siku chache. Mumias si mji mgeni kwa watu wa Pwani. Misafara ya wazee wetu ilifika huko katika karne ya 19, wakati mji ukiitwa Kwa Sundu kwa jina la Nabongo Shiundu, na ni kwa wafanya biashara hao Uislamu ulipoingia katika ufalme wa Wanga. Mwanawe, Nabongo Mumia, aliyeshika kiti mwaka 1882 na kufariki mwaka 1949, alisilimu, na jina lake ndilo lililoukalia mji hata leo. Mzee aliyetoka Mombasa kwenda huko alikwenda kwa miguu majuma mengi, akavuka nyika isiyo na maji, na alipofika salama alimshukuru Mungu kwa kusujudu. Leo mtu hushuka katika basi mjini hapo, na kabla hajakanyaga chini vizuri, vijana watano wameshaushika mkoba wake.

Vijana hao ni wa bodaboda. Pikipiki za abiria zimeenea kote, na huku kwetu Mombasa na Malindi tunazo tele. Lakini upande ule ndiko jina lake lilikozaliwa. Bodaboda zilianza kwa baiskeli mpakani mwa Kenya na Uganda, kiasi cha miaka ya 1960, zikivusha watu na mizigo kutoka boda hii mpaka boda ile, na Mumias haiko mbali na Busia. Baiskeli zilitamalaki miaka mingi, hata mwaka 2008 Serikali ya Kenya ilipoondoa kodi ya ongezeko la thamani juu ya pikipiki ndogo, zikamiminika kutoka Bara Hindi na Uchina. Likaja tena la kiwanda. Kampuni ya sukari ya Mumias iliundwa mwaka 1971, na kiwanda chake kikaanza kusaga miwa mwaka 1973. Hiyo ndiyo iliyokuwa tegemeo la mji na mashamba yaliyouzunguka. Ilipodhoofika, mpaka mwaka 2019 ikatiwa mikononi mwa msimamizi kwa ajili ya madeni, kijana ambaye babake alilipwa na muwa aliitafuta riziki penginepo, na pikipiki ikawa mlango ulio karibu.

Ni riziki ya halali, na mwenye kuitafuta ana ujira kwa Mola wake. Mjamzito ashikwaye na uchungu usiku wa manane, mbali na barabara ya lami, gari la hospitali halimfikii upesi; humfikia kijana wa bodaboda. Gunia la mahindi, maziwa ya asubuhi, mwalimu wa madrasa aliyechelewa, wote hao humbebesha yeye. Mwenye kuwadharau watu hawa na kuwaita wahuni wote pamoja amewadhulumu.

Lakini tuliyoyaona barabarani pia hatuwezi kuyafumbia macho. Ziko njia nne kubwa zitokazo Mumias, ya Kakamega, ya Bungoma, ya Busia na ya Butere, na katika zote matrela ya miwa hupita, mengine usiku bila ya taa ya nyuma, yakidondosha miwa njiani. Njia za udongo zikinyeshewa huteleza kama sabuni. Katika hali hiyo mtu mmoja hupunga mkono kandokando ya njia, na pikipiki tatu humkimbilia kwa pamoja, kila mmoja ataka kumfikia kabla ya mwenziwe, na anayekuja nyuma yao na familia yake garini hajui ashike kulia au kushoto. Watu wa steji hii hawataki kumwona wa steji ile akipakia kwao. Mwenye kuendesha upesi husifiwa, na mwenye kwenda polepole huambiwa amezeeka. Tumeona hata maiti ya mwendeshaji aliyeuawa na mbio ikisindikizwa makaburini kwa mbio, vijana wakipiga honi, wengine wakiinua gurudumu la mbele hewani, vichwa viwazi. Wakirudi huambiana: Ajali haina kinga.

Sasa tulitazame neno lenyewe. Ajali ni neno la Kiarabu, ajal, na maana yake katika Qur'ani ni muda uliowekwa, ule ambao ukifika haukawizwi wala hautangulizwi saa. Kwa maana hiyo neno letu ni kweli tupu: muda ukifika hauna kinga. Lakini sisi Waswahili tumelichukua neno hili tukalitumia kwa jambo jingine kabisa, yaani kugongana, kupinduka na kuanguka. Tukaziacha maana mbili zikae nyumba moja, na kila mara mmoja afanyapo uzembe hukimbilia kivuli cha ile maana ya kwanza. Amegonga mtoto kwa kuwa alikuwa akishindana, kisha husema kuwa muda wa mtoto ulifika! Muda wa mtoto ni siri ya Mungu. Mbio zake yeye si siri ya mtu. Watu wote wa sokoni waliziona.

Huenda mtu akasema: Nyinyi mwakanusha kadari. Jawabu letu ni kwamba aliyekuwa akiijua kadari kuliko sisi ni Sayyidna Umar (R.A.). Alitoka Madina kwenda Sham, na alipofika mahali paitwapo Sargh akapata habari ya tauni iliyoingia nchi ile, akaazimia kurudi na watu wake. Abu Ubayda (R.A.) akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu. Umar akamjibu kuwa ndiyo, anakimbia kutoka kadari ya Mungu kwenda kadari ya Mungu, akampigia mfano wa mchungaji mwenye ngamia aliyeteremka bondeni penye ng'ambo mbili, moja ina majani na moja kavu: akichunga huku au akichunga kule, kote ni kwa kadari ya Mungu. Hadithi hii imo katika Bukhari. Basi mwenye kuvaa kofia ya kinga, akashika upande wake na akapunguza mwendo, amechunga penye majani. Na mwenye kwenda kichwa kiwazi amechagua ukavu kwa hiari yake.

Na tukishaitaja kofia, tuseme wazi. Mtume wetu (S.A.W.) alivaa kofia ya chuma vitani. Siku ya Uhud kofia hiyo ilivunjwa juu ya kichwa chake kitukufu, akajeruhiwa usoni na jino lake likavunjika, na Bibi Fatima (R.A.) ndiye aliyemwosha damu. Siku ya kuingia Makka pia aliingia na kofia ya chuma kichwani. Huyu ndiye mwenye kutegemea kwa Mungu kuliko viumbe wote, naye hakuliona vazi la kinga kuwa ni upungufu wa imani. Basi sisi ni nani, tunaoitundika kofia kwenye usukani na kuivaa tunapomwona polisi? Madaktari walizikusanya tafiti za nchi nyingi katika mapitio yaliyotolewa mwaka 2008, wakakuta kwamba kofia hiyo hupunguza hatari ya kufa kwa kiasi cha asilimia 42, na hatari ya kuumia kichwa kwa kiasi cha asilimia 69. Kanuni za nchi yetu za mwaka 2015 nazo zamtaka mwendeshaji awe na kofia yake na ya abiria wake, na koti ling'aalo kwa wote wawili. Kila mwaka watu zaidi ya elfu nne hufa katika barabara za Kenya, na wapanda pikipiki ni fungu kubwa katika hao.

La kusikitisha ni kuwa wapo wasiokuwa na kofia lakini wana hirizi, imefungwa mkononi au chini ya kiti cha pikipiki, wameinunua kwa pesa ambazo zingenunua kofia. Ukiwauliza kofia iko wapi, hukujibu kuwa ajali haina kinga; ukiwauliza hirizi ni ya nini, hukujibu kuwa ni ya kinga!

Turudi kwenye mashindano, kwa kuwa hapo ndipo penye mzizi. Dini haikukataza kushindana kwa vipando. Ibn Umar (R.A.) amesimulia kuwa Mtume (S.A.W.) aliwashindanisha farasi: waliozoezwa, kutoka Hafya mpaka Thaniyyatul Wadaa, na wasiozoezwa, kutoka Thaniyya hiyo mpaka msikiti wa Bani Zurayq, na Ibn Umar mwenyewe alikuwa miongoni mwa walioshindana. Tazama mpango uliomo: mwanzo unajulikana, mwisho unajulikana, wenye nguvu wametengwa na wanyonge, na hakuna aliyepandishwa nyuma mama wa mtu na kapu lake la mboga. Vijana wa Mumias wakitaka uwanja na siku yao ya kushindana, na wazee wakawasimamia, hatuoni ubaya, maadamu hapana kamari. Ama kushindana katika njia ya watu, na amana ya mtu iko mgongoni mwako, hilo halina asili.

Na mwenye kushindwa asione kuwa amevuliwa nguo. Ngamia wa Mtume (S.A.W.) aitwaye Adhbaa alikuwa hashindwi, mpaka akaja bedui mmoja na ngamia wake mchanga akamshinda. Waislamu wakasononeka, na Mtume akawafahamisha kuwa ni haki juu ya Mungu kwamba hakuna kitu cha dunia kinachopanda ila hukishusha. Kama Adhbaa alipitwa na hakuna lililoharibika, basi na wewe ukipitwa na mwenzio penye daraja la Nzoia, bado utafika.

Kuna ushindani mwingine ulio mbaya zaidi, wa kuungana wao kwa wao juu ya kila asiyekuwa wao. Gari likimgusa mmoja wao, hukusanyika mara moja kama nyuki, wasiulize nani mwenye makosa, wakapiga na kuchoma. Mwezi wa Machi 2022, mjini Nairobi, katika barabara iliyokuwa ikiitwa Forest Road, walimvamia mwanamke aliyekuwa akiendesha gari lake, wakamvunjia heshima, na nchi nzima ikaona. Kumnusuru ndugu yako aliyedhulumu, kwa mafundisho ya Mtume (S.A.W.), ni kumzuia asidhulumu.

Sasa twataka kuwaambia na wengine, kwani si haki lawama zote zimwangukie kijana. Pikipiki nyingi si za wanaoziendesha. Ni za wenye maduka, za waalimu, za wafanya kazi wa serikali, na baadhi yao ni wasomaji wetu hawa hawa. Mwenye pikipiki hutaka hesabu yake kila jioni, mvua inyeshe isinyeshe, abiria wawepo wasiwepo, na kijana akipungukiwa siku mbili hunyang'anywa ufunguo akapewa mwingine. Kijana huyo atakwenda polepole vipi? Kila abiria ampitaye ni kipande cha hesabu ya jioni. Wewe uliyekaa barazani ukingoja pesa zako, breki za pikipiki umeziangalia lini mara ya mwisho? Bima ya kuwalipa watakaodhurika, ambayo sheria yaitaka, umeilipa? Kama umeweka kiasi ambacho hakipatikani ila kwa mbio, basi umeshiriki katika mbio hizo.

Na abiria naye ana fungu lake. Ndiye asemaye: Haya, kaza, nimechelewa. Mtume (S.A.W.) alipokuwa safarini, mwendesha ngamia wake aitwaye Anjasha alikuwa akiwaharakisha ngamia kwa sauti yake nzuri, na juu yao wamepanda wanawake, akamtaka aende taratibu, akiwafananisha wanawake hao na vyombo vya kioo. Mama zetu na dada zetu wa Pwani wameelewe jambo moja hapa. Buibui na leso huingia katika gurudumu la nyuma au katika mnyororo, na humvuta mtu chini kabla hajapiga ukelele. Mwendeshaji asiondoke mpaka mama amekusanya nguo zake, na mama asione haya kumwambia angoje. Ama suala la mwanamke kupanda nyuma ya mwanamume asiyekuwa maharimu wake, penye tuktuk au matatu na apande hicho. Na penye dharura, kama ya kwenda hospitali, dharura ina hukumu yake.

Wako wanaotoa hoja ya kupakia watu watatu na wanne, kuwa Mtume (S.A.W.) alipokuwa akirejea safarini alimpandisha Abdullah bin Jaafar mbele yake na mmoja wa watoto wa Bibi Fatima nyuma yake, wakaingia Madina watatu juu ya mnyama mmoja. Hadithi ni sahihi, imo katika Muslim. Lakini maulamaa wameshaifafanua: yajuzu ikiwa mnyama anaweza. Wawili katika hao watatu walikuwa watoto, na mnyama ana macho yake mwenyewe na hukataa akilemewa. Pikipiki haikatai. Imetengenezwa kwa mwendeshaji na mmoja nyuma yake, na sheria ya nchi yasema hivyo hivyo. Ikibebeshwa wanne breki zake hazishiki kwa wakati.

Limebakia jambo ambalo ndilo lililotutia uzito kuliko yote. Tulipokuwa Mumias tuliuliza, na tumeuliza na huku kwetu: mtu akigonga mwenziwe kwa makosa akamuua, hufanywa nini? Tukaambiwa kuwa wazee hukutana, familia hupewa kitu cha mazishi, polisi huandika yao, na mambo hukatika hapo. Tukauliza: Na kafara je? Walio wengi walitutazama kama tuliosema neno geni. Nayo iko wazi katika Sura ya An-Nisaa, aya ya 92: aliyemuua muumini kwa kukosea ana mambo mawili juu yake, diya kwa warithi ila wakisamehe, na kafara kwa Mungu. Kafara hiyo ni kuacha huru mtumwa muumini, na asiyepata, kama ilivyo leo, ni kufunga miezi miwili mfululizo. Warithi wakisamehe, wamesamehe diya, iliyo haki yao. Kafara si yao, hawawezi kuisamehe. Wala bima haiilipi.

Wanachuoni wetu hawakungoja pikipiki ije ndipo walifikiri suala hili. Imamu Nawawi katika Minhaj, kitabu ambacho vijana wetu wamekisoma vizazi kwa vizazi, ameleta mas'ala ya wapandaji wawili wagonganao bila ya kukusudia wakafa wote. Hukumu yake ni kuwa jamaa wa kiumeni wa kila mmoja watalipa nusu ya diya ya mwenziwe, kwani kila mmoja amekufa kwa kitendo chake na kitendo cha mwingine. Na kauli iliyo sahihi ni kuwa juu ya kila mmoja kuna kafara mbili, moja kwa kumuua mwenziwe na moja kwa kuwa ameshiriki kujiua mwenyewe, zitolewe katika mali aliyoiacha. Na vipando vikiharibika, nusu ya thamani ya kila kimoja ni deni katika urithi wa yule mwingine. Msomaji aisome hukumu hii tena, akiwafikiria wale vijana wawili waliokuwa wakimkimbilia abiria mmoja njia ya Butere. Wamekufa, na bado wana madeni.

Tumeulizwa namna ya saumu hiyo, na twaijibu kwa madhehebu yetu ya Shafi. Ahesabu kwa miezi ya mwandamo: akianza mwezi unapoandama, atafunga miezi miwili hata ikiwa pungufu; akianza katikati, mwezi ule wa kwanza ataukamilisha siku thelathini. Asianzie wakati ambao Ramadhani au Idi ya Kuchinja itamkatia njiani. Akifungua siku moja, aanze upya. Mgonjwa asiyeweza atangoja mpaka apone, wala katika kafara ya kuua hakuna kulisha masikini badala ya saumu, kwa kauli iliyo na nguvu.

Mmoja alituambia kuwa kazi ya pikipiki ni ngumu, jua kali na vumbi, hawezi kufunga siku sitini huku akiendesha. Tukamuuliza Ramadhani huipitishaje. Akasema hufunga, naye huendesha kila siku mpaka magharibi.